Kabla Hujamlipa Mbunifu wa Michoro: Kazi Yake, Gharama Zake na Haki Zako

Mtumiaji wa kawaida hununua kazi ya mbunifu wa michoro mara nyingi kuliko anavyodhani. Kadi ya mchango wa harusi, bango la duka, lebo ya chupa ya asali, fulana za ukoo, kalenda ya kikundi cha kuweka na kukopa, nembo ya saluni: vyote hivyo hupita mikononi mwa mtu huyu ambaye wengi humwita tu dizaina. Aghalabu ni mtu aliyejiajiri. Hana duka lenye kioo wala mhasibu. Ofisi yake ni kompyuta moja, simu na meza iliyo chumbani kwake, au kibanda alichokipanga jirani na wachapaji.

Huduma hii inatofautiana na bidhaa za dukani kwa jambo moja kubwa: mteja hulipia kitu ambacho bado hakipo. Anayenunua sufuria huigeuza, huigonga kwa kidole, akaikagua na kuiacha isipomridhisha. Anayeagiza nembo hutoa fedha kwanza, kisha husubiri. Katika kusubiri huko ndiko kunakozaliwa manung'uniko mengi: kazi kuchelewa, rangi kubadilika, namba ya simu kukosewa, faili kuzuiwa.

Katika sura hii tunaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika na jinsi mteja anavyoweza kulinda fedha zake. Tunaanza na siku ya mbunifu mwenyewe, kwa sababu masharti ambayo wateja wengi huyaona kuwa ni kiburi, kama vile malipo ya awali na idadi maalumu ya marekebisho, ni masomo aliyoyapata kwa hasara. Masharti hayo yakiwekwa wazi tangu mwanzo, humlinda mteja vilevile.

Siku ya mbunifu aliyejiajiri

Asubuhi yake huanza kwa kusoma ujumbe. Mteja mmoja ametuma picha ya mkono wa kuandika na kusema, "Nitengenezee kitu kizuri." Mwingine anauliza bei bila kueleza ukubwa wala idadi. Wa tatu anakumbusha kazi iliyoahidiwa jana. Kabla hajachora mstari hata mmoja, mbunifu huyu amekwisha kuwa karani wa mapokezi, mkadiriaji bei na mdai madeni.

Mchana huenda kwa mchapaji kukagua karatasi, kuona jaribio la kwanza la rangi, au kusubiri foleni ya mashine. Kazi ya kuchora yenyewe, ile inayohitaji utulivu, mara nyingi husogea hadi usiku, simu zikinyamaza. Umeme ukikatika, usiku huo nao hupotea. Zipo pia nyakati za mavuno na za ukame: mwishoni mwa mwaka kalenda na kadi humiminika, na kampeni za uchaguzi huleta vipeperushi na fulana kwa wingi, kisha hufuata wiki za ukimya ambazo kodi ya chumba haizisubiri.

Mteja anayeufahamu mzunguko huu hupata huduma bora. Anayeagiza kadi za mwaliko wiki moja kabla ya harusi, katika mwezi wa harusi nyingi, huenda akapata kazi iliyofanywa usiku wa manane na mtu aliyechoka. Kwa kazi yoyote inayohitaji kuchapwa, tunashauri uhesabu siku kuanzia tarehe unayoihitaji ukirudi nyuma: siku za kusambaza, siku za kuchapa, siku za marekebisho, kisha siku za kubuni. Tarehe utakayoifikia ndiyo tarehe ya kumwita mbunifu.

Bei inabeba nini

Swali la kawaida ni hili: kwa nini nilipe fedha nyingi kwa kitu kilichochorwa kwa saa mbili? Saa hizo mbili ndizo ulizoziona. Hukuona mazungumzo, majaribio yaliyotupwa, safari za kwa mchapaji, bando la intaneti, umeme, programu za kompyuta ambazo nyingi hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, na uchakavu wa mashine. Mwajiriwa hugharimiwa mambo hayo na mwajiri wake. Aliyejiajiri huyagharimia kutokana na bei anayokutajia.

Hata hivyo, kuelewa gharama hakukuondolei haki ya kuuliza. Mwombe mbunifu atenganishe mambo matatu: gharama ya kubuni, gharama ya kuchapa, na gharama ya usafiri au usambazaji. Bei iliyotajwa kwa mkupuo huficha mengi. Ukijua kwamba kubuni ni kiasi fulani na kuchapa ni kiasi fulani, utaweza kulinganisha bei za wachapaji, na mgogoro ukitokea utajua ni sehemu ipi ya fedha zako inayobishaniwa. Dai pia risiti ya kila malipo. Ukilipa kwa simu, hifadhi ujumbe wa muamala na uandike ni malipo ya kazi gani.

Mfano wa lebo ya siagi ya karanga

Tuchukue mfano wa mama anayesindika siagi ya karanga nyumbani na kutaka lebo za chupa. Amekubaliana na mbunifu kwa mdomo: shilingi 80,000 za kubuni, na stika 2,000 kwa shilingi 150 kila moja, yaani shilingi 300,000. Jumla ni shilingi 380,000. Stika zinafika na zinapendeza, lakini tarakimu moja ya namba ya simu imekosewa. Wateja wakipiga, anapokea mtu mwingine kabisa.

Nani alipe? Mama anasema, "Mimi si mchoraji." Mbunifu anasema, "Nilikutumia uone, ukajibu sawa." Mchapaji anasema amechapa alicholetewa. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na hakuna karatasi ya kuwaamua. Shilingi 300,000 zimekaa ndani ya boksi, nazo kwa mjasiriamali mdogo huenda zikawa ndizo mtaji wa karanga za mwezi mzima. Tutaurejea mfano huu, kwa maana kila hatua ifuatayo ingeweza kuizuia hasara hiyo.

Hatua ya kwanza: makubaliano ya maandishi

Makubaliano ya mdomo yanatambuliwa na sheria, lakini kuyathibitisha ni kazi ngumu. Si lazima mkataba uandikwe na wakili. Ujumbe mmoja wa simu unaotaja mambo yote, ukajibiwa "nimekubali," ni bora kuliko ahadi kumi za mdomo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki, hivyo usiufute hadi kazi iishe na uridhike nayo.

Ujumbe huo utaje mambo yafuatayo:

1. Kazi yenyewe, vipimo vyake na idadi. "Kadi" haitoshi, kadi ya A5 ina milimita 148 kwa 210, na kadi ndogo ya biashara kwa kawaida ni milimita 85 kwa 55.
2. Bei, malipo ya awali, na wakati wa kumalizia.
3. Tarehe ya rasimu ya kwanza na tarehe ya kukabidhi.
4. Idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei, na gharama ya kila rekebisho la ziada.
5. Mafaili utakayokabidhiwa na haki utakazopata juu yake.
6. Nini kitatokea upande mmoja ukisitisha kazi katikati.

Malipo ya awali ni desturi ya kazi hii. Mbunifu aliyewahi kukesha akibuni kwa ajili ya mteja aliyetoweka hawezi kuanza tena bila hayo, na nusu ya bei ni kiasi kinachotajwa mara kwa mara. Lililo muhimu kwako ni kutolipa bei yote kabla hujaona rasimu. Nusu iliyobaki ndiyo inayompa mbunifu sababu ya kuirudia kazi yako kesho asubuhi.

Hatua ya pili: maandishi na picha unazopeleka

Mbunifu hupanga maneno. Hayatungi kwa niaba yako, wala hajui majina ya watu wa ukoo wako. Andika kila kitu kwa tarakilishi au kwa ujumbe wa simu, usimsomee kwa sauti. Majina ya watu, tarehe, namba za simu na namba za akaunti yakaguliwe na watu wawili kabla ya kutumwa. Kama mama wa siagi ya karanga angeiandika namba yake katika ujumbe, ingejulikana mara moja kosa lilianzia wapi.

Kuhusu picha, fahamu kwamba picha inayong'aa kwenye simu inaweza kutoka na ukungu ikichapwa. Kwa machapisho yanayosomwa mkononi, wachapaji hupendelea picha yenye nukta 300 kwa kila inchi. Yaani picha ya upana wa inchi 4 inahitaji nukta 1,200 upande huo. Programu za kutumiana ujumbe hupunguza ubora wa picha ili isafiri haraka. Itume picha kama hati au faili, si kama picha ya kawaida, nayo itafika na ubora wake.

Usichukue picha yoyote uliyoiona intaneti na kumwambia mbunifu aiweke. Picha hiyo ina mwenyewe, na biashara itakayodaiwa ni yako.

Hatua ya tatu: rasimu, marekebisho na idhini

Kwa kawaida mbunifu huleta rasimu ya kwanza, mteja hutoa maoni, kisha rasimu hurekebishwa mara mbili au tatu. Hapa ndipo mbunifu aliyejiajiri hupoteza muda mwingi, na ndipo wateja wengi hujiongezea gharama bila kujua. Kosa kubwa ni maoni ya vipande vipande: leo rangi, kesho maandishi, keshokutwa shemeji ameona na ana wazo jipya. Kwa kazi ya familia au ya kikundi, chagueni mtu mmoja wa kuzungumza na mbunifu. Kusanyeni maoni yote, kisha myatume kwa pamoja.

Toa maoni yanayotendeka. "Haijanivutia" halimsaidii mtu. "Jina la biashara halisomeki kwa mbali, likuzwe, na picha ya karanga ipunguzwe" ni maagizo yanayoeleweka. Tofautisha pia rekebisho na kazi mpya. Kubadilisha rangi ni rekebisho. Kubadilisha jina la bidhaa baada ya lebo kukamilika ni kazi nyingine, na ni haki ya mbunifu kuidai malipo yake.

Kisha huja idhini. Neno "sawa" unaloandika ukiwa ndani ya daladala ndilo linaloruhusu mashine ianze kuchapa. Kabla ya kulitamka, omba nakala ya mwisho ya PDF, uichape kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wake halisi, na uisome kwa sauti neno kwa neno. Ipige hiyo namba ya simu iliyoandikwa uone nani anapokea. Kwa mama wa mfano wetu, simu hiyo moja ingeokoa shilingi 300,000.

Kuhusu wajibu, tunashauri mkubaliane mapema hivi: kosa lililokuwamo katika maandishi uliyoyaleta ni lako, kosa lililoingia baada ya idhini ni la mbunifu, na chapisho lililo tofauti na faili lililoidhinishwa ni la mchapaji. Linabaki kosa ambalo mbunifu aliliingiza na wewe ukalipitisha bila kuliona. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na njia ya haki ni kukubaliana kabla ya kazi kwamba gharama ya kurudia itagawanywa.

Rangi ya kioo na rangi ya karatasi

Lalamiko jingine la kawaida ni kwamba rangi iliyochapwa si ile iliyoonekana kwenye simu. Si lazima pawepo udanganyifu. Kioo cha simu huunda rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa huiunda kwa wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi. Zipo rangi, hasa zile za kung'aa sana, ambazo mwanga huzitoa na wino hauzifikii. Karatasi nayo huchangia: wino uleule huonekana mkavu kwenye karatasi isiyong'aa na huwaka kwenye ile inayong'aa.

Kwa kazi ya nakala nyingi, omba nakala moja ya majaribio iliyochapwa kwenye karatasi itakayotumika, uiweke sahihi na tarehe. Nakala hiyo ndiyo kipimo. Kazi ikitoka tofauti nayo, una hoja; kama ulikubali kwa kutazama simu tu, hoja yako ni dhaifu.

Kazi ni ya nani

Wateja wengi huamini kwamba wakishalipa, nembo ni yao kwa kila namna. Si lazima iwe hivyo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, haki katika kazi ya sanaa huanzia kwa aliyeibuni. Basi andikeni wazi kwamba baada ya malipo kukamilika, haki za kuitumia, kuibadilisha na kuisajili nembo zinahamia kwako. Mbunifu naye anaweza kuomba abaki na ruhusa ya kuionyesha miongoni mwa kazi zake. Ni ombi la kawaida.

Dai pia faili la asili linaloweza kukuzwa bila kuharibika, lile ambalo wabunifu huliita vekta. Nembo iliyo katika picha ya kawaida inafaa kadi, lakini ikipelekwa kwenye bango la mita 3 itaonyesha ngazi ngazi pembezoni. Baadhi ya wabunifu hutoza zaidi kwa faili hilo. Si kosa, mradi ulielezwa kabla ya kulipa. Kulizuia ghafla baada ya malipo kukamilika, ilhali lilikuwamo katika makubaliano, ni kuvunja makubaliano.

Uliza vilevile kama nembo imebuniwa upya, imetolewa katika violezo vilivyo tayari, au imetengenezwa na programu ya akili mnemba. Kiolezo kilicho wazi kwa kila mtu huenda kinatumiwa na saluni nyingine tano. Ukikusudia kusajili alama yako ya biashara BRELA, alama isiyo na upekee itakuletea pingamizi. Usajili huo hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Ni ulinzi unaostahili kuanza na nembo iliyo yako kweli. Zanzibar ina sheria na ofisi zake za usajili, na aliyeko huko afuate hizo.

Alama ambazo mbunifu hana mamlaka ya kuziweka

Kwenye lebo za bidhaa zipo alama zinazoonekana kama pambo lakini zina nguvu ya sheria. Alama ya ubora ya TBS huwekwa na aliyepewa leseni ya kuitumia, baada ya bidhaa yake kukaguliwa. Mbunifu akiiweka kwa mazoea, kwa kuwa ameiona kwenye lebo nyingine, atakayeulizwa ni mwenye bidhaa. Vivyo hivyo kwa msimbomilia: namba zinazoanza na 620 hutolewa Tanzania kupitia mfumo wa GS1 kwa wanaojisajili. Msimbomilia wa kubuniwa au ulionakiliwa huweza kusoma bidhaa ya mtu mwingine kwenye mashine ya dukani.

Kabla ya kubuni lebo ya chakula, mpelekee mbunifu orodha ya taarifa zinazotakiwa: jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Mwombe aache nafasi ya kugonga tarehe, kwa sababu stika 2,000 zilizochapwa tarehe moja zitakufa pamoja na tarehe hiyo.

Mambo yakiharibika

Anza kwa mbunifu mwenyewe, kwa maandishi na kwa lugha ya staha. Eleza kilichokubaliwa, kilichotolewa na unachotaka: kurudiwa, kupunguziwa bei au kurudishiwa fedha. Mpe siku za kujibu. Usikimbilie kumtangaza mitandaoni kuwa ni tapeli. Tuhuma usiyoweza kuithibitisha inaweza kukugeuza wewe kuwa mdaiwa.

Asipojibu, lete lalamiko katika ofisi yetu ukiwa na makubaliano, uthibitisho wa malipo, nakala uliyoiidhinisha na sampuli ya kazi yenye kasoro. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mtumiaji, kama vile kuahidi kazi ya asili na kuuza ya kunakili. Madai madogo ya fedha yatokanayo na makubaliano yanaweza pia kupelekwa Mahakama ya Mwanzo.

Mambo ya kukumbuka

• Anza mapema. Hesabu siku ukirudi nyuma kutoka tarehe unayoihitaji.
• Tenganisha bei ya kubuni na bei ya kuchapa.
• Lipa kwa awamu, na udai risiti.
• Andika makubaliano, hata kama mbunifu ni ndugu au jirani.
• Chagua msemaji mmoja na kusanya maoni pamoja.
• Soma kwa sauti na upige namba ya simu kabla ya kusema "sawa."
• Pokea faili la asili na maandishi ya kukuhamishia haki.
• Usiweke alama ya TBS wala msimbomilia usio wako.

Mama wa mfano wetu bado anaweza kupunguza hasara yake kwa kuchapa stika ndogo yenye namba sahihi na kuibandika juu ya ile iliyokosewa, wakigawana gharama na mbunifu wake. Mara ijayo, wakikutana kwa lebo za ujazo mpya, waanze na ujumbe mmoja wa maandishi utakaosomwa na wote wawili.